Ikoni zote zipite mlango mmoja

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kutengeneza mifumo ya wavuti, kabla hujabandika ikoni ya kwanza kwenye mradi, sikiliza yaliyonikuta kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza.

Nilimtengenezea mama mmoja muuza dagaa mfumo wa kuandika oda na madeni. Juu kulia niliweka ikoni ya mwezi, ile tuliyoizoea kwa kugeuza skrini iwe nyeusi. Siku ya kumwonyesha alikuwa amekaa juu ya gunia. Nikampa simu, kidole kikaenda moja kwa moja kwenye mwezi. Skrini ikawa nyeusi tii. Akaniangalia: "Mwanangu, nilidhani hapa nitaona siku za mwezi."

Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa vizuri, mitumbwi mingi inapumzika. Kwake mwezi ni kalenda ya biashara. Alikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyepaswa kurekebisha.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu kubwa zaidi. Ule mwezi nilikuwa nimeunakili kwa mkono, SVG (msimbo unaochora picha) nzima nzima, kwenye kurasa kumi na moja. Baadhi ukubwa haulingani, nyingine rangi imeandikwa humo humo ndani. Nilikesha nao, na bado ukurasa mmoja niliusahau.

Tumia maktaba ya ikoni, yaani mkusanyiko wa ikoni zilizochorwa tayari, ndiyo. Mimi natumia Lucide, iliyotokana na maktaba nyingine, Feather, mwaka 2020. Lakini usiiite maktaba moja kwa moja kutoka kila faili. Tengeneza komponenti moja, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa na kurasa zote, iite `Ikoni`, na faili hiyo peke yake ndiyo iijue maktaba. Kurasa nyingine ziombe ikoni kwa jina la kazi yake: `skrini-nyeusi`, `siku-za-mwezi`, `futa-oda`. Usiziite kwa umbo, `mwezi` au `pipa`. Kazi ikibadilishiwa picha, unagusa mstari mmoja. Hata maktaba ikibadili majina unagusa hapo hapo. Maktaba ya Font Awesome, toleo la 6, iliifanya `home` kuwa `house`.

Ukubwa na rangi navyo viamuliwe humo. Ikoni za Lucide zimechorwa kwenye mraba wa 24 kwa 24, mistari yenye unene wa 2, na rangi yake ni `currentColor`, yaani inafuata rangi ya maandishi yaliyoizunguka. Usichanganye na seti nyingine yenye mistari minene. Mteja hatajua kukueleza kasoro iko wapi, ila ataona ukurasa haujatulia.

Ingiza zile unazotumia tu, moja moja kwa majina, ili zana ya kufungasha msimbo (bundler) iache nyingine nje. Ukiingiza maktaba nzima kisha ukachagua ikoni kwa jina linalotoka kwenye data, zote zinabebwa, na mtu wa Ukerewe anazilipia kwa bando lake. Hilo linaniuma kweli.

Kuhusu maneno: kitufe chenye ikoni peke yake kipe `aria-label`, jina lisiloonekana kwenye skrini, ili asiyeona asomewe kazi yake na simu. Ikoni iliyokaa kando ya neno iwekee `aria-hidden="true"`, isisomwe mara mbili. Na penye hela au kufuta, andika neno waziwazi kila mara. Hilo sibishani na mtu.

Mfumo wa yule mama bado unafanya kazi. Mwezi sasa unafungua kalenda ya siku za mwezi. Kile kitufe cha zamani nimekihamishia kwenye mipangilio bila ikoni, kimeandikwa "Skrini nyeusi". Nilitaka kuandika "Hali ya giza" nikaacha, maana kwa watu wa dagaa giza ndiyo siku za kwenda ziwani.