Gari limeibiwa, halafu dogo nilishamtoa kwenye bima, watanilipa?

Kaka kama uko Texas usitishike, kumtoa kijana wako kwenye bima haimaanishi gari likiibiwa ndo basi tena. Ile fomu ya 515A, ya kumtoa dereva kwenye bima, inasema bima haifanyi kazi wakati dogo anaendesha, sasa mwizi kavunja kioo usiku kaondoka nalo na dogo kalala zake ndani, yeye anahusikaje? Ila uwe na bima kubwa, ile ya kulipa uliowagonga tu hailipi wizi. Kasheshe ni kama dogo ndo alitoka nalo akalipaki huko likaibiwa, hapo watakuhoji sana funguo alikuwa nazo nani, na usiwadanganye maana uongo ndo unaua klemu kabisa. Polisi umeshaenda lakini?