Aleji sio kinga kushuka, soma hapa kabla hujanunua vidonge

Mkuu umeuliza ununue vidonge vya probiotiki (bakteria wazuri wa tumboni) upandishe kinga maana tangu umalize antibayotiki aleji imekushika. Mimi naishi na pumu na mafua ya aleji toka utotoni, nakujibu kwa niliyopitia na niliyosoma. Kwanza hilo la kupandisha kinga liache. Mwenye aleji kinga yake haijashuka, inapigana na vumbi na vitu visivyo na madhara, sasa ukiipandisha ipigane na nini tena? Inatakiwa itulie.

Na bakteria wa tumboni wana mchango mkubwa hapo. Seli nyingi za kinga zinakaa kwenye utumbo, bakteria wakipata nyuzinyuzi za maharage, ndizi, ulezi, mboga za majani, wanazichachusha wanatoa kitu kinaitwa butireti, ambayo inasaidia kupatikana seli T, aina ya seli za kinga zinazozuia wenzao wasishambulie ovyo (hizo seli ndo zimempa Sakaguchi wa Japani na Wamarekani wawili tuzo ya Nobel ya 2025). Antibayotiki inafyeka wabaya na wazuri, ila ukimeza vidonge halafu kila siku chipsi na soda, hao wageni watakula nini?

Kuna utafiti umefanyika hukuhuku kwetu Kilimanjaro, umetoka kwenye jarida la Nature Medicine 2025, wanaume vijana 77 wazima wa afya. Waliozoea chakula cha asili wakahamishiwa soseji, chipsi, mkate mweupe wiki 2, wengine waliozoea vya kizungu wakaletwa kwenye vyakula vya asili, na wengine wakapewa mbege (ya ndizi) wiki 1. Waliohamia vya kizungu, damu ikaonyesha uvimbe wa ndani kwa ndani umepanda na seli zao za kinga zikawa goigoi mbele ya vimelea, wale wa asili na wa mbege ukashuka. Wiki 2 tu aisee! Ila hawakuwa wagonjwa wa aleji, na mbege ni pombe, kama hunywi usianze.

Mimi niliporudi Moshi nikashika kiburu (ndizi na maharage), makande na mtindi, tumbo lililovurugwa na antibayotiki likatulia, mafua nayo yamepungua japo vumbi la Dar pia nililiacha huko kwahiyo siwezi kusema ni chakula peke yake. Pumu bado ipo na dawa ya kuvuta sijaacha, na wewe yako usiache. Maharage ongeza taratibu, ukiyavamia gesi itakutesa, na ukiona unaharisha mfululizo baada ya hizo antibayotiki au choo kina damu nenda hospitali leoleo.