RAM kuwaka sio kupimwa (jibu kwa mdau wa Moshi)

Mkuu umeuliza swali zuri sana, kama kila chipu ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) inapimwa kiwandani inakuwaje umenunua ya aina ya DDR4 hapo Moshi, fundi kaichomeka ikawaka akakwambia nzima, halafu mchana ukifungua vitu vingi mashine inagoma na kuleta skrini ya bluu. Mimi natengeneza kompyuta hapa Arusha miaka mingi na kesi hii naletewa sana, ngoja nikueleze.

Chipu ya gigabiti 8 ina seli zaidi ya bilioni 8, kila moja inashika biti moja, yaani sifuri au moja, na kila seli ni kama kindoo kinachovuja chaji, ndo maana inajazwa upya ndani ya kila milisekunde 64, ikizidi nyuzi joto 85 inatakiwa kila milisekunde 32 kwa sababu joto linaongeza uvujaji. Sasa fundi akiwasha tu akaona Windows imefunguka, hapo seli nyingi hazijaguswa kabisa, tena chipu yenyewe bado ya baridi.

Kiwandani hawaendi hivyo. Mashine za kupimia zinatoka kwa watu kama Advantest wa Japani na Teradyne wa Marekani. Chipu inaanza kupimwa ikiwa bado kwenye sahani ya silikoni, vijisindano vinaigusa, seli mbovu zikionekana zinahamishiwa kwenye safu za akiba zilizowekwa humohumo. Ikishafungwa inapigwa joto kali na volti ya juu ili zile dhaifu zife mapema, halafu ndo spidi, na hapa ndo panapoonyesha watu wanajua kazi. DDR4 ya 3200 kila pini inapitisha biti bilioni 3.2 kwa sekunde, biti moja inakaa kama nanosekunde 0.3 tu, mashine iandike, isome, ilinganishe kwa kasi hiyohiyo, na sio chipu moja, ni mamia kwa mpigo, maana mashine ni ghali na kila sekunde chipu inayokaa pale inaongeza gharama. Wanajaza sifuri na moja kwa kupishana, wanageuza, wanaitwanga safu moja mfululizo kuona kama jirani yake atapoteza chaji. Iliyoshindwa spidi ya juu ikapita ya chini inauzwa kwa ya chini, sio utapeli huo.

Shida inaanza baadae, chipu zilizokataliwa zinaweza kuishia kwenye RAM zisizo na jina, na nyingine zimechomolewa kwenye mashine chakavu zikafutwa vumbi tu.

Kuna mteja aliniletea yake kutoka huko Moshi, ilikuwa Julai asubuhi, baridi ya hapa mnaijua, nikaipima na MemTest86, programu ya kupima RAM, ikapita raundi nzima bila kosa. Nikaacha mashine ipige kazi nzito mpaka ikawa ya moto nikapima tena, mistari myekundu ya makosa ikaanza kumiminika, anwani (sehemu za RAM zenye kosa) zimekaribiana na biti inayokosea ni ileile. Hiyo ni chipu moja mbovu, wala usihangaike na Windows.

Kwa hiyo mkuu weka MemTest86 kwenye flashi, sugua meno ya RAM kwa ufutio, bakiza RAM moja tu kwenye sloti, anza mchana joto likiwa juu na iache ikeshe. Likitokea hata kosa moja rudisha dukani, na siku nyingine kubaliana na muuzaji kabla hujatoa hela kwamba ikifeli hiyo test anakubadilishia.