Kocha mpya, jipoze kwanza

Makocha wengi wanaoanza na timu za vijana hapa Tanga wanajua kupanga koni na kuchora mfumo ubaoni. Kinachowaangusha ni zile dakika 15 za mapumziko. Timu imeshafungwa mawili, mwalimu anaingia na moto wake, anafoka mpaka mwamuzi anaita. Vijana wanaitikia "sawa mwalimu", wanarudi uwanjani na makosa yaleyale. Mtu aliyejaa hofu hasikilizi maelekezo, anasikiliza sauti yako tu.

Dakika tatu za mwanzo nyamaza. Waache wanywe maji, wewe simama pembeni upumue, ukitoa hewa polepole kuliko ulivyoivuta. Huku unatazama: nani kajitenga? Nani anafunga na kufungua kamba za viatu? Beki gani hataki kumtazama kipa wake? Kisha muulize kapteni swali moja: "Wanatupita wapi?" Baada ya hapo toa maelekezo mawili, la kukaba na la kushambulia, basi. La tatu litawasahaulisha la kwanza.

Hiyo ndiyo akili hisia, ambayo Peter Salovey na John Mayer wa Marekani waliieleza mwaka 1990: kutambua hisia zako na za mwenzako, kisha kuzitumia kuamua la kufanya. Wengine hudhani ni kubembeleza. Siyo. Mchezaji mzembe anaambiwa, ila anaambiwa pembeni na kwa kosa lenyewe, si kwa tabia ya ukoo wao.

Hiyo "sawa mwalimu" nayo ichunguze. Kijana wa Ngamiani au Chumbageni aliyelelewa vizuri hambishii mkubwa mbele za watu, kwa hiyo "sawa" yake ni adabu, haina maana kwamba kaelewa. Usimuulize kama ameelewa. Mwambie, "Hebu nioneshe ulipotakiwa kusimama." Akienda sipo, umepata jibu bila kumwaibisha.

Aliyekosa penalti usimtoe papo hapo, maana wenzake wote watajifunza kuogopa kupiga. Mpe kazi ndogo ya karibu: "Rudi, mkabe namba nane." Mazungumzo yasubiri mazoezi yanayofuata, wawili tu. Muulize, "Dogo, ulibadili upande ukiwa unaukimbilia mpira?" Mara nyingi jibu ni ndiyo: alimtazama kipa, akasita, mguu ukapoteza uelekeo. Mpe mipira 10 kutoka mita 11, na kwa kila mpira achague upande kabla ya kuutenga, asibadili hata kipa akiruka mapema. Usihesabu mabao siku hiyo, hesabu mara alizoshika uamuzi wake.

Ramadhani ikiingia, usiite uchovu wa alasiri uvivu, na hasira ndogondogo usizichukulie dharau. Punguza mazoezi yawe dakika 40 na uyasogeze karibu na futari, au yafanyeni baada ya tarawehe palipo na taa. Na wewe uliyefunga pia jichunguze kabla hujapuliza filimbi.