Duka limeniuzia paka mgonjwa akafa, nikiwaonya wenzangu ni ghiba?

SWALI: Assalaamu alaykum ustadh. Mimi ni mama niko huku Igoma, Mwanza. Mwezi uliopita nilimnunulia binti yangu mtoto wa paka, wale wa manyoya marefu, kwenye duka moja la wanyama hapa mjini kwa shilingi 80,000. Muuzaji akaniambia paka ana wiki sita, kachanjwa chanjo zote mpaka ya kichaa, nikaondoka naye kwenye boksi. Siku ya pili akagoma kula, siku ya tatu akaanza kuhara na kutapika, siku ya tano akafa, na daktari wa mifugo tuliyempelekea aliandika kwenye cheti kwamba ni ugonjwa wa virusi na huyu paka alikuja nao. Nikarudi dukani nikaoneshwa kikaratasi ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na nikaambiwa huenda sisi ndo tumempa maziwa mabaya. Nilipoandika kwenye grupu la mtaa nikashangaa watu walivyojitokeza, mmoja aliuziwa sungura jike na dume kumbe yote madume, jirani yangu puppy wake alikufa ndani ya wiki, mwingine anasema kasuku aliambiwa anaongea hajawahi kusema hata neno. Sasa dada mmoja akaniambia naingia kwenye ghiba, yaani kusengenya, nifute. Na huyo mwenye duka ni Muislamu mwenzetu, anaswali saf ya kwanza msikiti ule ule anaoswali mume wangu, na mume wangu siku hizi hata salamu hampi. Je nina haki ya pesa yangu? Na nifute niliyoandika? Na binti anauliza kama tumepata dhambi kwa paka kufa.

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu. Poleni, na mpe pole binti. Kabla sijaenda mbali niseme nimesikia upande mmoja tu, na Mtume swalallahu alayhi wasallam alimuusia sayyidna Ali asihukumu mpaka amsikie na wa pili, kwa hiyo yote nitakayosema yachukue hivi: kama mambo ni kama ulivyoeleza. Mwenye duka akiwa na maneno yake na aseme.

Nianze na kile kikaratasi cha ukutani mana naona ndo kimewafunga watu mdomo, mtu akishaoneshwa anaona basi yameisha anaondoka na hasara yake. Hayajaisha. Wanachuoni walishaliongelea hili zamani sana, na la ajabu walilijadili kwa wanyama hasa. Kwenye madhehebu yetu ya Shafi'i, ambayo ndo wengi tunafuata huku, muuzaji akiweka sharti kwamba nikishauza sihusiki na aibu yoyote ya bidhaa, yaani kasoro, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti hilo linamuokoa kwenye kitu kimoja tu, nacho ni aibu ya ndani kwa mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Kwanini mnyama? Imam Shafi'i rahimahullah alieleza kwamba mnyama anakula akiwa mzima na anakula akiwa mgonjwa, hali yake inabadilika, ni nadra kumkuta hana kasoro ya wazi au iliyojificha, sasa ukimbebesha muuzaji kila kitu utamuonea. Ona uadilifu ulivyo, muuzaji mkweli kaachiwa nafasi ya kupumua. Lakini aibu ya wazi haimo humo, na aibu ya ndani aliyoijua akanyamaza haimo kabisa, hata angebandika makaratasi ukuta mzima.

Sasa alijua au hakujua? Hapa ndo dada yangu nilisimama sana kwenye maelezo yako, pale aliposema paka wa wiki sita kachanjwa mpaka ya kichaa. Waulize madaktari wa mifugo, chanjo ya kichaa kwa kawaida paka anapewa akifika kama miezi mitatu, na zile nyingine ndo kwanza zinaanza wiki ya sita mpaka ya nane halafu zinarudiwa kila baada ya wiki tatu nne hadi afikishe wiki 16. Kwa hiyo paka wa wiki sita "aliyemaliza chanjo zote" huyo hayupo, ama umri si huo ama chanjo hazipo, na kwa vyovyote kauli haikuwa ya kweli. Kadi ya chanjo ulioneshwa? Hukusema, nadhani hakuna. Na ule ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa paka, mara nyingi unakaa mwilini siku mbili mpaka kumi kabla haujajionesha, kwa hiyo paka aliyeanza kudhoofika siku ya pili tu tangu afike kwako, cheti cha daktari kinaingia akilini. Na cheti ni muhimu sana hapo, mana kwa sheria ya dini wawili wakibishana, huyu anasema kasoro ilikuwepo dukani na yule anasema imetokea nyumbani, na hakuna ushahidi, basi anaesadikiwa ni muuzaji kwa kiapo chake. Maneno ya maziwa mabaya yangempa ushindi. Cheti cha mtu anaejua fani yake ndo kinambana, kitunze.

Mtume swalallahu alayhi wasallam alipita sokoni kwenye fungu la chakula, akaingiza mkono ndani vidole vikakutana na unyevu, akamuuliza mwenye chakula nini hiki, akasema mvua imenyeshea ewe Mtume wa Allah, akamwambia kwanini hukuuweka juu watu wauone, mwenye kughushi si katika mimi. Kaipokea Muslim. Na kwa wanyama ipo nyingine inayowahusu sana watu wa huku kwetu Usukumani tunaojua ng'ombe, Mtume alikataza kufunga chuchu za ngamia na mbuzi, yaani mtu asimkamue mnyama siku kadhaa ili akifika mnadani kiwele kimejaa mnunuzi adhani huyu ni wa maziwa mengi. Akasema aliyemnunua hivyo akishamkamua ana hiari, akiridhika akae nae, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende kufidia yale maziwa. Hiyo iko Bukhari na Muslim. Angalia hapo, muuzaji hakusema uongo hata neno moja! Alinyamaza tu akaacha kiwele kiseme, na bado mnunuzi kapewa haki ya kurudisha. Itakuwaje kwa aliesema kwa mdomo wake kachanjwa.

Haya, pesa. Ungempata paka yuko hai na ungeenda siku ile ile ulipoona ugonjwa, ungemrudisha ukachukua 80,000 yako yote, na kwetu Mashafi'i kurudisha kunatakiwa kuwe haraka, ukijua kasoro ukakaa nayo bila udhuru haki ya kurudisha inaanguka. Wewe paka kashakufa, hakuna cha kurudisha, kwa hiyo kauli sahihi ya madhehebu ni kwamba unadai ile tofauti ya thamani, wanaiita arshi. Inapigwa hivi, paka mzima wa aina ile anauzwa 80,000, tuseme yule yule akiuzwa watu wakijua ana virusi mtu angetoa labda 10,000, basi anakurudishia 70,000. Anaekadiria ni wajuzi wa hiyo biashara, si wewe wala yeye. Watu wa madhehebu mengine, Wamaliki na Mahambali, wamemkalia vibaya zaidi muuzaji aliejua akaficha, wao wanasema mnyama akifa kwa ile ile aibu iliyofichwa basi bei yote inarudi. Mimi kwenye suluhu ningemshauri arudishe yote aondoke na usalama wake, lakini dai lako la chini kabisa ni hiyo arshi.

Aliyeuziwa sungura wawili madume kesi yake nyepesi, alinunua kwa sifa ya jike na sifa haipo, arudishe achukue pesa au abadilishiwe. Kasuku hivyo hivyo kama kuongea kulitajwa kama sharti la kununua, ila kama muuzaji alisema tu "hawa huwa wanaongea" hilo ni jambo jingine, kasuku wengine hawaongei mpaka wafundishwe miezi, na wengine hawaongei kabisa, sasa hapo ndugu yangu avumilie kidogo. Jirani wa puppy huyo ana mambo mawili. Imepokewa kwenye Bukhari na Muslim kwamba Mtume alikataza thamani ya mbwa, na Mashafi'i wanasema kuuza mbwa hakusihi kabisa, Mahanafi wanaruhusu. Kufuga wa kulinda mifugo, shamba au wa kuwinda inajuzu, na wengi wa wanachuoni wetu wamelinganisha na wa kulinda nyumba, na wezi wa huku pembezoni mwa mji mnawajua wenyewe. Njia waliyoitaja ni mtu kutoa pesa ili mwenye mbwa aondoe mkono wake, bila kuita mauziano. Kwa hiyo kama aliuziwa kwa mauzo ya kawaida, kwa madhehebu haya pesa yake inarudi hata mbwa angekuwa mzima anabweka.

Ghiba sasa. Huyo dada aliyekuambia ufute nia yake nzuri, ila kachanganya. Imam Nawawi kwenye Riyadhu Swalihin katoa sehemu sita ambazo kumtaja mtu kwa kasoro yake si ghiba ya haramu, na wewe umeangukia mbili au tatu kwa mpigo, aliedhulumiwa kupeleka malalamiko, anaeomba fatwa, na anaewaonya Waislamu na madhara. Hindi mke wa Abu Sufyani alimwendea Mtume akasema Abu Sufyani ni mtu bahili, hanipi kinachonitosha mimi na mwanangu, na Mtume hakumwambia nyamaza unasengenya, alimjibu swali lake. Na Fatma binti Qays alipokuja kutaka ushauri juu ya waliomposa, Mtume alimwambia wazi huyu hashushi fimbo begani, yaani ni mpigaji, na yule ni fukara hana mali. Walikuwa maswahaba hao! Kilichotajwa ni kile tu kinachomhusu muulizaji kwenye jambo lake, hakikuongezwa kingine.

Na hapo kwenye kuongeza ndo nina wasiwasi na magrupu yetu haya. Wewe kuandika "nilinunua paka duka fulani, niliambiwa kachanjwa, kafa siku ya tano, daktari kasema hivi, nimerudi nimekataliwa" hilo acha lilivyo, usifute, mwenzio anaepanga kwenda kesho kununua ana haki alijue. Lakini nimetumiwa sehemu ya mazungumzo yenyewe (mliotuma siku nyingine futeni namba za watu kwanza) nikaona mtu kasema yule anafuga majini, mwingine kaweka picha ya mkewe, mwingine kaanza kutaja kabila lake na watu wakacheka. Hiyo si kuonya mtu na madhara, hiyo ndo kula nyama ya ndugu aliyekufa, kama Suratul Hujurat ilivyofananisha usengenyaji, na wewe kama ulifungua hayo mazungumzo waambie waache. Na ukilipwa haki yako, andika pia kwamba umelipwa, hapo hapo ulipolalamikia.

Binti mwambie hapana, hana dhambi. Alimpenda, alimpa maji, mkampeleka kwa daktari, mlifanya la kwenu. Yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka ni kwa kuwa alimfungia, hakumlisha wala hakumuacha akajitafutie wadudu wa ardhini. Hadithi hiyo inamhusu zaidi anaeweka njiwa kumi kwenye kizimba cha wawili, vya juu vinadondosha kinyesi kwenye maji ya vya chini, Jumapili anafunga duka mpaka Jumatatu, na jua la Mwanza saa saba mchana linapiga kwenye bati. Sisemi ndo yeye, sijaingia humo ndani. Ila ninyi mlioingia kama mliona hivyo, mambo hayo yana wenyewe, nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na afisa mifugo wa kata yupo, mwambieni akapite. Kufuga ndege au paka kwa mapenzi hakuna ubaya, Mtume alikuwa anamtania yule mtoto Abu Umayr, ewe Abu Umayr kafanya nini nughayr, kindege alichokuwa anakichezea.

Limebaki la mume wako. Kuacha kumsalimia Muislamu mwenzio zaidi ya siku tatu kwa ugomvi wa dunia halijuzu, hata kama unamdai, na wala swala ya mumeo nyuma au pembeni ya mwenye duka haina tatizo. Mwambie badala ya kumnunia amfuate baada ya isha watu wakipungua, akiwa na cheti cha daktari na yule mzee mmoja ambaye wote wawili wanamheshimu, amsomee ile hadithi ya wauzaji wawili, wakisema kweli na wakabainisha wanabarikiwa katika mauzo yao, wakificha na kuongopa baraka inafutwa. Asimpigie kelele, na asimwambie mbele ya saf ya kwanza. Akirudisha, msameheane. Akikataa, kuna mwenyekiti wa mtaa, kuna masheikh wa BAKWATA wilaya wanaosuluhisha, na kuna Tume ya Ushindani inayoshughulikia malalamiko ya walaji, kwenda huko si kumdhalilisha Muislamu, ni kutafuta haki yako kwa njia iliyopo. Wallahu aalam.