Vinyweleo vinasimama ziwani kabla mvua haijafika, ni nini?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mie navua dagaa huku Igombe, Mwanza. Giza la juzi wingu zito lilitujia, mvua bado, mara vinyweleo vya mikono vikasimama vyote na ncha ya mlingoti ikaanza kulia ssss kama dagaa kwenye mafuta ya moto. Radi ilikuwa haijapiga karibu, sasa huo umeme ulitoka wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, nashukuru mmerudi wazima maana hapo palikuwa pabaya sana. Hewa ina umeme siku zote, hata mchana wa jua kali bila wingu, ukipima karibu na ardhi unakuta kama volti 100 kwa kila mita ya kwenda juu, hatuusikii kwa sababu hewa inapitisha umeme kidogo mno. Siku ya shwari ardhi ndo ina chaji hasi na juu kuna chanya, ila wingu la radi likija mambo yanapinduka, mle ndani vipande vya barafu vinagongana, chanya inapanda kileleni, hasi inabaki tumboni mwa wingu, na hiyo hasi inavuta chanya kwenye ardhi na maji yaliyo chini yake. Zile volti 100 zinakuwa maelfu kwa mita, bila radi hata moja kupiga.

Nchi kavu kuna nafuu kidogo, majani na miti yote ina ncha zinazovujisha chaji hewani, makali yanapungua. Ziwani maji yamelala tu, hakuna ncha, kwa hiyo nguvu inaweza kupanda kuliko ya nchi kavu na kilichochomoza ni mlingoti na nyie wenyewe! Ule mlio ni chaji inavuja nchani, na vinyweleo vimebeba chaji ya aina moja ndo maana vinasukumana. Hapo radi inaweza kushuka sekunde yoyote, jikunyateni chini kabisa mbali na mlingoti na vyuma, mikono isiguse maji.

Ila msingoje mpaka hapo jamani. Ziwa Victoria usiku pepo za nchi kavu zinatoka pande zote zinakutana katikati, hewa yenye unyevu inapanda, radi zinajaa usiku hadi asubuhi, muda uleule wa dagaa. Mkiona mwanga hesabuni mpaka ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita 1, sekunde zikiwa chini ya 30 mko ndani ya hatari tayari, kwa hiyo geuzeni mtumbwi kabla hazijafika huko. Mkifika mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, msikae chini ya mti, ingieni nyumba ya ukuta au gari lililofungwa vioo, na msirudi majini mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.