Protini imekunjwa au imejikunja?

"Shikamoo mwalimu. Mi nasoma uuguzi hapa Mwanza, naandaa maelezo ya prioni, zile protini mbovu zinazoleta magonjwa ya ubongo, kwa Kiswahili. Nimeandika 'protini iliyokunjwa vibaya', mwenzangu anasema ni 'iliyojikunja'. Pia nimeandika 'kurithi usikivu wa ugonjwa', anacheka. Nani yuko sahihi?"

Marahaba mwanangu. Kwenye kukunja wote mko sahihi, ila kila mtu kwa protini yake.

Nenda Mwaloni pale Kirumba uangalie. Nyavu zinakunjwa, yani kuna mikono ya mtu inayozikunja, lakini dagaa walioanikwa jua likiwapiga wanajikunja wenyewe, hakuna aliyewashika. Protini ikishatengenezwa kwenye seli inafanya kama dagaa, inajikunja mpaka ipate umbo lake, kwa hiyo ikikosea sema imejikunja vibaya. Sasa ajabu ya prioni ni kwamba ile mbovu ikigusana na nzima inaibadilisha, inaikunja upya ifanane nayo, na hapo mkunjaji yupo kabisa, ndo maana hiyo ya pili imekunjwa, na yenyewe itaenda kukunja ya tatu. Neno lako usilitupe, lihamishie hapo.

"Usikivu" lakini hapana, usikivu ni wa masikio na wa mtoto anayetii wazazi. Sema wepesi wa kuugua, kila mtu ataelewa.

Na hapo kwenye kurithi ndo pa kuwa makini zaidi, maana kinachorithiwa ni jeni, inaitwa PRNP, iko kwenye kromosomu ya 20. Tazama kunja na kunjua, imeingia u moja tu na maana imegeuka kinyume, basi na kwenye jeni hii badiliko dogo hivyo linatosha. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na kwenye nafasi ya 129 ya hii ya PRNP wengine wana asidi amino iitwayo methionini, wengine valini, zote za kawaida, wala si ugonjwa. Ila kichaa cha ng'ombe, ambacho nacho ni ugonjwa wa prioni, kilipowafikia watu Uingereza, tangazo likatoka 1996, karibu wagonjwa wote waliopimwa walikutwa wana methionini ya baba na ya mama. Hao usiandike walirithi ugonjwa, waliambukizwa, walichorithi ni wepesi wa kuupata.

Wanaorithi ugonjwa wenyewe wapo, ni familia chache. Mfano badiliko la nafasi ya 178: likiwa kwenye nakala ileile ya jeni yenye methionini ya 129 mtu anakosa usingizi mpaka anakufa, likiwa na valini anapata Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa mwingine wa prioni unaoharibu ubongo. Badiliko ni lilelile, jirani yake ndo tofauti, mi hili jambo kila nikilisoma linanishika.

Kwa hiyo sentensi yako iandike hivi: "Protini iliyojikunja vibaya huzikunja nyingine zifanane nayo, na jeni aliyorithi mtu inaweza kumwongezea au kumpunguzia wepesi wa kuugua." Mwenzako naye muoneshe.